Kijani cha Tarafa ya Kumi na Nne

Bwana wa utawala aliniomba kurasa mbili za "mafanikio na changamoto" kabla sijarudisha kitambulisho cha ofisi. Nimekataa. Changamoto ni neno ambalo ofisi yetu hulitumia kila inapotaka kutaja kosa bila kumtaja mkosaji. Nawaandikia nyinyi mliobaki ghorofa ya sita, mnaofungua picha za setilaiti kila asubuhi huku chai ikipoa pembeni. Naandika nikiwa na hasira. Daktari wa presha amenishauri niiache, lakini yeye hakuwahi kufanya kazi ghorofa ya sita.

Niliingia pale kama mchora ramani, kabla ya kompyuta. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Gathogo, aliyekuwa msomaji wa picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Alikuwa mfupi, amevaa sweta ya mikono mirefu hata Februari, na penseli zake alizichonga kwa kisu cha mfukoni kwa sababu hakuamini vichongeo. Aliniwekea mezani chombo chenye lenzi mbili na miguu minne myembamba, akapanga chini yake picha mbili za sehemu moja. Ukitazama vizuri, ardhi inainuka. Vilima vinasimama, mabonde yanazama. Ilinichukua karibu saa mbili kuona kilima cha kwanza, na kichwa kiliniuma mpaka jioni.

"Unaona nini hapo?" akaniuliza siku ya tatu.

"Kahawa, Mzee."

"Umejuaje?"

"Kuna mistari. Imepangwa vizuri."

Alichukua funguo za gari la ofisi, tukatoka mjini kuelekea magharibi mpaka tukapita Dagoretti, akaegesha kando ya shamba lile lile nililolitazama. Ilikuwa miti ya miwati michanga, imepandwa kwa mistari kama gwaride.

"Picha imekuambia mistari," Mzee Gathogo akasema. "Kahawa umesema wewe."

Miaka yote niliyofanya kazi, sikuwahi kupata somo lingine lililonifaa kuliko hilo. Nilikaa naye miaka mingi. Alinifundisha kutofautisha chai na majani ya ng'ombe, mihogo na vichaka, shamba lililopaliliwa na lililotelekezwa. Kila wiki tulikuwa na siku mbili za kwenda kukagua mashambani. Viatu vya siku hizo niliviweka chini ya meza, na matope yake mtu wa usafi aliyalalamikia mpaka akastaafu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuja mkurugenzi mpya. Nitamwita Daktari tu, kwa kuwa watoto wake hawana kosa. Alikuja na kompyuta mpya, plota, mashine ya kuchapa ramani kwa rangi, iliyojaza nusu ya chumba, na mkataba wa kupokea picha za setilaiti kila baada ya siku kumi. Vyombo vya lenzi vilipelekwa stoo. Siku za mashambani zilifutwa. Mzee Gathogo, aliyebakiza miaka michache, alihamishiwa meza iliyo kando ya mashine ya fotokopi, na kazi yake ikawa kusikiliza mashine hiyo ikikwama.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na setilaiti. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyopenda mambo mengi. Jani lenye afya hurudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, na kule juu kuna jicho linaloupima. Kompyuta inalinganisha kiasi cha mwanga huo na wastani wa miaka iliyopita, halafu inatoa rangi. Kijani, mimea iko juu ya wastani. Njano, iko chini kidogo. Nyekundu, kuna shida. Nchi nzima unaiona kwenye karatasi moja. Mara ya kwanza plota ilipotoa ramani yangu nzima, nilisimama nikiishikilia kwa pembe zake mbili kama kitambaa kipya.

Lakini zile picha zetu zilikuwa na vidoti vikubwa. Kidoti kimoja kilikuwa kilomita nzima kila upande. Ndani yake kuna shamba la mahindi, mchongoma, kanisa, kaburi, njia ya mbuzi na vichaka. Vyote vinachanganywa, unapewa namba moja. Ile namba haijui tofauti ya hindi na gugu. Daktari alilijua hilo. Lilikuwa kwenye vitabu alivyosomea.

Basi ukaja msimu mmoja wa mvua za vuli. Upande wa Ukambani mvua hizo ndizo zinazotegemewa, na mwaka ule zilianza vizuri. Oktoba watu walipanda, Novemba mahindi yakafika magotini. Mwanzoni mwa Desemba, mahindi yalipokuwa yanatoa ndevu, mvua ikakatika. Baada ya Krismasi ikarudi, ikanyesha wiki mbili.

Nilitengeneza ramani ya Januari. Tarafa zote tulizipa namba, na Tarafa ya Kumi na Nne ilitoka kijani kutoka mpaka hadi mpaka. Niliandika pembeni "hali ni nzuri, mavuno ya kawaida yanatarajiwa", nikatia herufi za jina langu kwenye kona ya chini, B.N., nikapeleka kwa Daktari. Alifurahi. Ripoti ikaenda wizarani na kwa wafadhili.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo jirani yangu wa hapa Woodley alikuwa na ubatizo wa mjukuu, akaniomba nimsaidie kuchagua nyama. Tulienda Dagoretti, kwenye kichinjio, asubuhi. Yeye akaingia kwa mwenye bucha, mimi nikabaki nje kando ya zizi ambamo ng'ombe husubiri. Nimezaliwa upande wa Bungoma, baba yangu alilima kwa maksai, na siwezi kupita ng'ombe bila kuwatazama.

Walikuwapo maksai wawili wekundu, wamenona, wanang'aa. Shingoni manyoya yalikuwa yamelika mpaka ngozi, mahali nira inapokaa. Mtu hauzi ng'ombe wa plau. Anauza mbuzi, anauza kuku, anauza hata mabati ya paa la jikoni, lakini maksai hao ndio msimu ujao.

Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia ameishika mkononi. Jina lake Mutuku. Nilimuuliza wanatoka wapi, akanitajia kwao. Ilinichukua muda kuelewa, kwa sababu ofisini hatukuwa tukipaita kwa jina. Ilikuwa Tarafa ya Kumi na Nne.

"Lakini huko mmepata mvua," nikamwambia. "Kuna majani."

"Majani iko mingi. Si unaona vile wamenona?"

"Sasa mbona unauza ng'ombe wa kulima?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama inafaa kupoteza maneno.

"Mama, majani ni ya ng'ombe. Sisi tunakula mahindi, na mahindi haikushika. Mvua ilienda wakati wa ndevu. Ile ilirudi imeotesha magugu peke yake. Ukisimama kwa barabara utasema tumebarikiwa."

"Mmemwambia chifu?"

"Chifu ndiye alituambia tutulie. Alisema Nairobi imeangalia ikaona tuko sawa." Akavaa kofia yake. "Mimi sijui huyo Nairobi ni nani."

Sikumwambia. Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi, nikamuaga kwa adabu, nikaenda kumsaidia jirani yangu kuchagua mbavu.

Jumatatu niliingia kwa Daktari kabla hajavua koti. Nilimweleza. Alisikiliza akifungua barua.

"Una data gani, Madam Nekesa?"

"Ng'ombe wawili."

Alicheka. Hakuwa na ubaya kwenye kicheko chake, na hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Alicheka kama mtu anayesikia hadithi ya mtoto. Nikamwomba gari la ofisi kwa siku moja, nikahakikishe. Akasema gari lina ratiba, na kwamba setilaiti ilinunuliwa ili tusihitaji kuzunguka vijijini.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye kiti cha wageni kando ya fotokopi. Mzee Gathogo alikuwa anakula mhogo wa kuchemsha.

"Peugeot yangu ni mbovu," akasema nilipomaliza, "lakini huko itafika. Kurudi tutajua huko huko."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, mimi na yeye, na chombo kidogo cha GPS nilichokitia mkobani bila kujaza fomu. Tulichagua pointi ishirini kwenye ramani kabla ya kuondoka, tukiwa tumefumba macho na kuangusha penseli, ili mtu asije akasema tulichagua mashamba mabaya. Alichosema Mutuku kilikuwa kweli. Kutoka barabarani kila kitu kilikuwa kijani, kizuri cha kutia kwenye kalenda. Ukiingia ndani, magugu yalikufika kiunoni, na kati yake mabua ya mahindi yalisimama yamepauka. Nilimenya hindi la kwanza. Gunzi tupu, na karibu na kitako punje tisa. Nilimenya la pili na la tatu. Kufikia pointi ya kumi, Mzee Gathogo aliacha kuandika idadi, akaandika "vile vile" kila mahali.

Mchana tulifika kwa Mutuku. Yeye mwenyewe hakuwapo, alikuwa ameenda kutafuta kibarua. Tulimkuta mkewe, Ndinda, na mama yake Mutuku, kikongwe mwenye sauti ya chini sana. Walitupa maji ya kunywa. Yule kikongwe akatuomba radhi kwa kukosa chai. Jikoni palikuwa na sufuria motoni.

"Mnapika nini?" Mzee Gathogo akauliza.

"Terere," Ndinda akasema. Ni mchicha wa porini. "Na mengine hatujui jina. Tunachuma kwa shamba."

"Na ugali?"

"Hii ni wiki ya pili bila."

Nilitazama ile sufuria. Ile ndiyo iliyokuwa kijani kwenye ramani yangu.

Tulirudi mjini taa zikiwa zimewaka. Jumapili sikwenda kanisani. Niliandika kurasa mbili, pointi ishirini, kila moja na mahali pake, urefu wa magugu, idadi ya punje. Jumatatu asubuhi nilimwekea Daktari mezani. Nilibeba na magunzi kwenye mfuko wa plastiki, nikayaweka juu ya karatasi.

Alisoma zote mbili. Nampa haki yake: alisoma. Halafu akavua miwani.

"Pointi ishirini hazipindui takwimu za miaka."

"Daktari, hao watu wanakula magugu."

"Nimesoma. Sasa nisikilize vizuri. Nikiigeuza hiyo tarafa iwe nyekundu leo, wataniuliza mbona wiki tatu zilizopita nilisema kijani. Watauliza na hizo zingine ni rangi gani kweli. Hii ofisi itabaki na nini?"

"Basi toa jina langu kwenye ramani."

"Ramani ni yako, Madam. Wewe ndiye uliyeichora."

Hapo alikuwa sahihi, na nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Alhamisi kulikuwa na mkutano katikati ya mji, kwenye ukumbi wa hoteli: watu wa wizara, wafadhili, waandishi wawili watatu. Mimi nilikuwepo kwa kuwa nilijua kuendesha projekta. Ramani ilipofika kwenye Tarafa ya Kumi na Nne, nilisimama. Nikasema kwamba rangi ile ni ya magugu, kwamba tumekwenda tukaona, kwamba mahindi hayana punje na watu wameanza kuuza ng'ombe wa kulima. Sikuongea vizuri. Nilirudia maneno. Mama mmoja wa shirika la nje akauliza ni eneo kubwa kiasi gani. Kabla sijajibu, Daktari akanyanyua mkono kwa upole, akasema mwenzake anazungumzia vijisehemu vichache, jambo la kawaida kila msimu, na kwamba anamshukuru kwa moyo wake wa kujituma. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Picha iliyofuata ikawekwa. Saa nne ikaletwa chai na sambusa, na nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo ni jambo ninaloliona aibu kuliko yote.

Nakala ya kurasa zangu niliipeleka wizarani kwa miguu. Karani akaigonga muhuri wa kupokelewa. Labda bado iko huko.

Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo ya ramani, chini kabisa ya jengo, kuorodhesha karatasi za zamani. Mzee Gathogo alistaafu Machi. Mahindi ya msaada yalifika ile tarafa mwezi wa Mei, baada ya gazeti kuchapisha picha ya shule iliyofungwa kwa kukosa watoto wenye nguvu ya kutembea hadi darasani. Mzee Gathogo alipata habari za huko mapema kuliko mimi, maana alikuwa amebaki na mazoea ya kupiga simu kwa watu. Alinipigia stoo.

"Yule mama wa Mutuku," akasema, "alikufa Aprili."

"Kwa sababu gani?"

"Wanasema uzee."

Nikakata simu nikaendelea kuorodhesha. Nilipotazama nilichokuwa nimeandika, mistari minne ilikuwa na jina la ramani moja.

Nilikaa stoo mwaka na nusu. Baada ya gazeti iliundwa kamati, kamati ikauliza maswali, na Daktari akapata kazi nzuri zaidi kwingineko. Mkurugenzi aliyefuata alinipandisha kutoka chini na kuniambia nitengeneze utaratibu wa ukaguzi wa mashambani. Ndiyo ile fomu mnayoijua, yenye maswali matatu. Ni mmea gani unaouona? Ukiumenya, una punje? Wenye shamba walikula nini jana? Swali la tatu wataalamu walitaka kulifuta, wakisema halihusu mimea. Niliwaambia nitarudi stoo kwa hiari yangu kabla halijafutwa.

Sasa nasema na nyinyi. Mwaka wangu wa mwisho nilipitia mafaili ya msimu uliopita. Nikakuta fomu arobaini za mashamba arobaini, kalamu moja, mwandiko mmoja, na kwenye swali la tatu zote zimejibiwa "ugali na sukuma". Hakuna hata familia moja iliyokula maharage siku hiyo, wala chai kavu, wala iliyolala njaa. Mwandishi wake namjua. Nilimwita tukazungumza mlango ukiwa umefungwa, na simtaji hapa kwa sababu aliniahidi kitu. Kama anasoma, anajua ni lini nitapiga simu kuuliza. Vidoti vimekuwa vidogo siku hizi, naona mnajivunia. Vidogo au vikubwa, havimenyi mahindi.

Kwenye sherehe yangu ya kuagwa, Daktari alikuja kutoka Kileleshwa kama mgeni wa heshima. Hakuna aliyeniuliza kama nataka aje. Amezeeka, anaongea polepole. Alisimulia jinsi "sisi" tulivyogundua mapema kwamba kijani kinaweza kudanganya, na jinsi ugunduzi huo ulivyozaa utaratibu unaoigwa sasa na nchi jirani. Watu wakapiga makofi. Mzee Gathogo alikuwa amefariki miaka miwili kabla, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtazama upande wa pili wa chumba. Nilipopewa nafasi ya kujibu, nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu mkobani. Nikaiacha humo.

"Mzee Gathogo alikuwepo," nikasema. "Daktari hakuwepo."

Nikakaa. Mtu wa utawala akasema keki ikatwe.

Mwezi uliofuata nilisafiri kwenda kwa Mutuku. Tangu siku ile ya Dagoretti sikuwa nimemwona, nilikuwa nikisikia habari zake tu. Kwa misimu mitatu yeye na Ndinda walilima kwa jembe la mkono, kisha wakapata ng'ombe mmoja, halafu wa pili. Nilimkuta akirekebisha ua. Alinikumbuka baada ya kumtajia wale maksai wekundu. Tukakaa chini ya paa la ghala, na nikamwambia yote. Kwamba yule Nairobi aliyesema wako sawa ni mimi. Kwamba nilikuja hapa nikamenya mahindi yake, nikanywa maji ya mama yake, nikarudi nikasema, sikusikilizwa, nikala sambusa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kufika Februari ulikuwa unajua."

"Nilijua Januari, pale Dagoretti."

"Na mama akafa Aprili."

"Ndiyo."

Akaokota kipande cha waya, akakizungusha kidoleni, akakiweka chini.

"Sasa umeniambia ndio nifanye nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli, alingoja jibu. Nilikuwa nimeibeba hasira yangu miaka hiyo yote nikidhani ni kitu cha kumpa, na pale mbele yake niliona sikuwa nimemletea chochote isipokuwa mzigo wangu. Alipochoka kungoja, akainuka akarudi kwenye ua wake.

Ndinda alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa, akinibebea mkoba. Tulipofika kwenye lami akanirudishia mkoba, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "usirudi na hiyo maneno. Ukirudi, uje kutusalimia tu."